Je, Judith Campisi alihama kutoka utafiti wa saratani kwenda utafiti wa uzee?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Ninamaliza shahada ya kwanza ya biolojia, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma kazi za marehemu Judith Campisi, mtafiti wa Marekani aliyefariki Januari 2024. Makala zake za mwanzo zinahusu jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa seli inapojiandaa kujigawa, ilhali zile za baadaye zinazungumzia zaidi kuzeeka. Msimamizi wangu ananitaka nichague saratani au uzee kabla sijaandika pendekezo la utafiti. Je, Campisi alibadilisha fani, au kuna uzi ambao mimi siuoni?

Jibu la kwanza

Ndugu, uzi upo. Campisi aliingia kupitia mlango wa saratani: baada ya shahada ya uzamivu alifanya kazi Boston katika maabara ya Arthur Pardee, ambako swali kuu lilikuwa ni nini kinachoiruhusu seli kujigawa na nini kinachoizuia. Tangu mwaka 1961, Hayflick na Moorhead walikuwa wameonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabara hujigawa mara 50 hivi, kisha zikakoma bila kufa. Kwa mtu wa saratani hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa seli ya saratani ni ile iliyokivuka kizuizi hicho.

Isome makala yake ya 1990 katika jarida la Science. Yeye na mwenzake walichukua seli za mapafu zilizokwisha kukoma kujigawa, wakazipa seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, ambayo kwa kawaida huziamsha zijigawe. Jeni ya c-myc iliitikia kama ilivyo kwa seli changa, lakini c-fos haikuitikia kabisa, kwa sababu unakili wake, yaani hatua ya kwanza ya kuisoma jeni, ulikuwa umezuiwa. Kwa hiyo seli hizo hazikuwa zimechoka tu. Zilikuwa zimebadilishiwa mpango wa jeni. Mimi naona hapo ndipo fani zote tatu, yaani jeni, saratani na uzee, zilipokutana, ingawa Campisi mwenyewe wakati huo bado alikuwa na shaka kama seli hizo zina uhusiano wowote na uzee wa mwili.

Jibu la pili

Naongezea kilichoipunguza shaka hiyo, kwa kuwa kipimo chenyewe nimekifanya mara nyingi. Mwaka 1995 kundi lake lilichapisha njia ya kuzitambua seli zilizozeeka, yaani hizo zilizokoma kujigawa bila kufa, kwa shughuli ya kimeng'enya cha beta-galaktosidasi katika pH 6, yaani asidi kidogo. Unaziacha seli kwenye rangi usiku kucha, na asubuhi, chini ya hadubini, seli changa nyembamba hazina rangi, wakati zile zilizozeeka, kubwa na zilizotandazika kama yai lililokaangwa, zimegeuka buluu. Walipopima vipande vya ngozi vya watu wa umri mbalimbali, seli za buluu ziliongezeka kadiri ya umri.

Kisha likaja lililo zito zaidi. Mwaka 2001 walionyesha kwamba seli zilizozeeka, zikikaa jirani na seli zilizokwisha kuelekea kwenye saratani, huzichochea zikue. Na mwaka 2008 wakaeleza jinsi seli hizo zinavyomwaga nje protini kama IL-6 na IL-8, ambazo huamsha mwako wa kinga ya mwili (inflamesheni). Kwa hiyo kukoma kujigawa, ambako humlinda kijana dhidi ya saratani, kunaweza kumchochea mzee aipate.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, ila ninamsihi muulizaji asiandike kana kwamba seli hizi ni uchafu wa kufagiliwa tu. Mwaka 2014 kundi la Campisi lilionyesha katika panya kwamba seli zilizozeeka hujitokeza mapema kwenye jeraha na kusaidia lifunge, na zikiondolewa, kupona huchelewa. Kuhusu pendekezo lako, mwombe msimamizi akuruhusu uchague jeni badala ya ugonjwa: chukua protini moja inayomwagwa na seli hizo, uulize ni nini kinachoiwasha jeni yake.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nitaanza na IL-6, na nitampelekea msimamizi makala ya 1990 pamoja na ya 2008 ili azisome kwa mfuatano huo.