ULINGANISHO: Celica GT-Four RC, Lancer Evolution III au Impreza Type R, lipi limebeba Safari ndani yake?

VumbiLaPasaka (Arusha)

Wanajamvi, heshima kwenu.

Nimeweka akiba miaka sita kwa ajili ya jambo moja tu, na sasa wakala wangu kule Japani amenitumia magari matatu nichague. Yote matatu yalizaliwa kwa sababu ya rali, na Safari ninayoisema ni Safari Rally ya Kenya. Kwa wageni wa mambo haya: kanuni za Kundi A, daraja mojawapo la magari ya rali, zilikikataza kiwanda kushindana na gari ambalo hakijaliuza kwa raia. Mwanzoni yalitakiwa magari 5,000, baadaye 2,500. Ndiyo maana mtu wa kawaida kama mimi anaweza leo kuwa na kitu kilichobuniwa kwa ajili ya madereva wa rali kama Sainz au Mäkinen.

La kwanza ni Toyota Celica GT-Four RC, toleo la 1991, chasisi ST185. Yalitengenezwa 5,000 duniani, na 1,800 kati ya hayo yaliuzwa Japani. Ulaya lilipewa jina la Carlos Sainz. Nguvu za farasi 235.

La pili ni Lancer Evolution III ya 1995, farasi 270.

La tatu ni Impreza WRX STI Type R ya 1997, milango miwili, farasi 280 kwa maandishi ya kiwanda.

Ukisoma namba peke yake, Celica ni la mwisho, tena ni zito kuliko Lancer kwa zaidi ya kilo 100. Lakini moyo wangu uko hapo, na nitasema kwa nini.

Pasaka ya 1993 nilikuwa na miaka tisa, kwa bibi yangu Machakos. Wakati ule barabara hazikufungwa. Magari ya mashindano yalipita njia ileile ya mikokoteni na ng'ombe, na helikopta ilitangulia kuonya watu. Tuliposikia helikopta, mjomba alitukusanya watoto wote akatuweka nyuma ya ua wa mkonge. Kisha mlio, halafu Celica nyeupe yenye kijani na nyekundu, ngao ya vyuma mbele na bomba la kuvutia hewa limesimama kando ya kioo kama shingo ya mbuni. Sikuona sura ya dereva. Niliona tairi la nyuma likirusha jiwe juu ya mwembe, na nikaendelea kutazama vumbi mpaka likatua.

Siku ya mwisho tulisikiliza redio: Kankkunen wa kwanza, Alén wa pili, Ian Duncan wa tatu, na nafasi zote nne za mwanzo ni za Toyota. Wiki ile kila mtoto wa kijiji alikuwa na gari la waya lenye snokeli ya bomba la biro.

Naombeni mnilinganishie kwa haki, mtu asinionee aibu. Nawasilisha.

FundiGerezani (Dar es Salaam)

Mkuu karibu. Mimi mkono wangu ni wa grisi, kwa hiyo naanza na spea, maana gari bila spea ni sanamu.

Celica: injini ni 3S-GTE. Ukoo wa 3S tunaujua, umejaa kwenye Corona, Carina na RAV4 za zamani, na Caldina ya turbo ina 3S-GTE yenyewe. Kwa hiyo injini haiwezi kukulaza njiani mwezi mzima. Shida ni gia boksi ya E150F na kile kiungo cha katikati chenye majimaji mazito, kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Kikishagoma, kata kona kali polepole uwanjani utaona gari linajivuta kama limeshikwa breki. Hilo ni jaribio la bure, mwambie wakala alifanye.

Lancer: 4G63 ni chuma kigumu, naiheshimu sana. Ila ina mikanda miwili, wa taimingi na ule mdogo wa shafti za mizani. Watu wanabadilisha mkubwa, mdogo wanauacha kwa sababu hauonekani wa maana. Ukikatika unaingia kwenye mkubwa, na hapo valvu zinagonga pistoni. Badilisha yote siku moja.

Impreza: injini imelala, boksa. Sauti tamu, uzito uko chini, gari linakaa barabarani vizuri. Lakini haisamehe oili pungufu, na gia boksi ya miaka ile ni nyepesi kwa mtu anayeachia klachi kwa hasira.

Kwa kazi yangu, Lancer ndiyo rahisi kuitunza. Sijasema ndiyo ya kuipenda.

Mzee_wa_Kontroli (Eldoret)

Hamjambo vijana. Nimesimamia vituo vya ukaguzi wa muda kwenye Safari kwa miaka mingi, tangu nikiwa kijana hadi mashindano yalipotoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002.

Hadithi ya Lancer hapa haikuanza na Mäkinen. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda na Lancer ndogo ya 1600, akarudia 1976. Gari dogo, la bei ya mwalimu, likawapita wakubwa wenye timu nzima kutoka Ulaya. Kwa hiyo Mäkinen aliposhinda 1996 na Evolution III, sisi wenye umri tuliona mtoto amerudi nyumbani. Hilo ndilo gari unaloonyeshwa na wakala wako, si ndugu yake wala binamu yake, ni lenyewe. Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, akaendelea hadi 1999.

Kijana wangu, usilidharau kwa sababu linafanana na teksi. Uzuri wake uko hapohapo.

BintiMwatate (Mombasa)

Shikamoo Mzee. Nakubali yote kuhusu Joginder, lakini Subaru tumeiacha njiani mapema mno.

Mwaka 1994 Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alimaliza wa nne na Impreza ya Kundi N. Kundi N maana yake gari karibu sana na lile la dukani. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na jina la Njiru alilitamka kama jina la mtoto wake mwenyewe. Hadi leo ukiuliza kwa nini vijana wa Nairobi wanalala na kuamka na Subaru, jibu moja ni huyo.

Halafu 1997 Colin McRae akaipa Impreza ushindi wake wa kwanza wa Safari, na gari lile lilikuwa la milango miwili. Type R ina bodi hiyohiyo. Ile Impreza 22B ya 1998 iliyotanuliwa mabawa ndiyo yenye sura kamili ya gari la McRae, lakini Japani ziliuzwa 400 tu na bei yake leo ni ya nyumba ya ghorofa. Type R ndiyo njia ya mtu wa kawaida kufika pale.

Kaka Vumbi, sikuonei aibu. Nakuuliza tu: unanunua gari au unanunua Pasaka ya 1993?

VumbiLaPasaka

Dada, umenigusa. Labda vyote viwili. Lakini ninayo hoja ya gari pia.

ST185 ilishinda Safari miaka minne mfululizo: Sainz 1992, Kankkunen 1993, Duncan 1994, Fujimoto 1995. Madereva wanne tofauti, mmoja wao mtu wa nyumbani Kenya. Sifa ya dereva mmoja inaweza kulibeba gari mwaka mmoja. Miaka minne na mikono minne, hapo gari lenyewe linazungumza.

Mzee_wa_Kontroli

Sahihi, ila weka alama kidogo hapo 1995. Mwaka ule Safari haikuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, kwa hiyo timu kubwa hazikuja kwa nguvu zote. Fujimoto alishinda kihalali na sifa ni yake, lakini uzito wa mwaka ule si sawa na 1992.

VumbiLaPasaka

Asante Mzee, nimepokea. Basi mitatu yenye uzito kamili, na mmoja wa heshima.

Nyundo_Leicester (Uingereza)

Nimechelewa kuingia, poleni. Ninayo Carlos Sainz tangu 2009, ya soko la huku, kibao chake chenye namba bado kipo ndani. Ngoja niseme yale ambayo karatasi ya wakala haisemi.

GT-Four ya kawaida ina intakula (kipoza hewa ya turbo) ya hewa, imelala juu ya injini chini ya ile pua ya boneti. RC imewekewa intakula ya maji. Hewa iliyobanwa na turbo inapita ndani yake na kupozwa na maji yanayozungushwa na pampu ya umeme mpaka rejeta ndogo ya mbele. Kwa nini wahangaike hivyo kwa gari la kwenda sokoni? Kwa sababu gari la rali likienda taratibu kwenye matope au likipanda mlima wa mawe, upepo haupo, na intakula ya hewa inageuka kuwa jiko. Maji hubeba joto hata gari likitambaa. Na kanuni zilitaka kifaa kiwemo kwenye gari la raia ndipo kiruhusiwe kwenye mashindano. Boneti na bampa la mbele navyo vilibadilishwa ili joto lipate pa kutokea. Ukifungua boneti ya RC unaona matatizo ya barabara za nyumbani yametatuliwa mbele ya macho yako. Evolution III na Type R ni kali zaidi, nimeziendesha zote mbili. Lakini kwangu mimi hakuna kati yake iliyojieleza wazi kiasi hicho.

Sasa mabaya. Turbo inachelewa, chini ya mizunguko 3,000 gari ni la mzee wa kanisa, ikipita hapo inakusukuma ghafla. Usukani ni mzito. Mabawa ya nyuma yanaliwa na kutu, huku chumvi ya barabarani wakati wa baridi imenimalizia moja. Na ile pampu: mwaka wa tatu niliipeleka kwa fundi mmoja, akaunganisha bomba la maji bila kutoa hewa. Pampu ikazunguka kavu, sikujua, na nilikuwa nikipanda milima ya Wales nikishangaa gari limelegea. Siku hizi kila nikiwasha naweka kiganja kwenye bomba la intakula. Nisiposikia mtetemo, siondoki.

Jambo kubwa zaidi: RC za kughushi zipo. Mtu anachukua GT-Four ya kawaida, anafunga boneti na bampa la RC, anaongeza bei. Usiangalie sura. Omba picha ya injini boneti ikiwa wazi. Kama juu ya injini kuna intakula yenye mapezi ya hewa badala ya mabomba ya maji, funga mkoba wako.

FundiGerezani

Hapo Nyundo umesema kweli ya fundi. Naongeza: picha ya rejeta ndogo ya mbele pia, chini ya bampa. Wengine wanafunga intakula ya maji wanasahau rejeta yake. Na kwa kuwa uko Tanzania, Vumbi, gari la umri huu linaingia, ila piga hesabu ya ushuru wa uchakavu kabla hujatuma hata senti. Wenzetu wa Kenya gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa, kwa hiyo hata ukitaka kumuuzia ndugu yako Machakos baadaye, haitawezekana kirahisi.

BintiMwatate

Mimi bado niko kwenye Type R, lakini hiyo habari ya maji imenifanya nisome mara mbili. Tuletee picha.

VumbiLaPasaka

Wakuu, wakala amejibu alfajiri hii. Picha tatu. Mabomba ya maji yapo juu ya injini, rejeta ndogo ipo, imepinda pembeni kidogo. Mabawa ya nyuma hayana lehemu mpya kwa ninavyoona. Pampu hajaijaribu, nimemwambia awashe, aweke kiganja kwenye bomba, anirekodie video. Mnada ni Alhamisi.

Nyundo_Leicester

Mwambie asikilize pia, sio kushika tu. Pampu nzima inanguruma taratibu kama paka. Ikipiga kelele za chuma, ondoa bei yake kwenye dau lako.