Ushauri: fundi anataka tuzime usafishaji wa kumbukumbu kwenye seva ya chama. Tukubali?

Mlinzi_wa_Kondele (Kisumu)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninasimamia seva ya chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Kisumu. Ni mashine iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, yenye prosesa moja ya AMD Opteron ya enzi za RAM ya aina ya DDR3, na vijiti vinane vya RAM ya ECC (inayoweza kujirekebisha makosa madogo), kila kimoja cha gigabaiti 8. Inaendeshwa kwa Linux.

Hivi karibuni logi, yaani daftari la matukio la mashine, imeanza kuandika kwamba kosa la kumbukumbu limegunduliwa na kusahihishwa. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu, mnamo saa nane na dakika kumi usiku. Mara ya pili Ijumaa, ikikaribia saa kumi usiku. Na mara ya tatu Jumanne iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri ikiwa imepita kidogo. Hakuna kilichoanguka wala mwanachama aliyelalamika, ila ripoti za usiku zimekuwa zikichelewa kumalizika.

Fundi aliyetuuzia mashine amesema dawa ni kuzima ule usafishaji wa kumbukumbu unaoendelea chinichini (mashine kuipitia RAM yake ikitafuta na kurekebisha makosa), kwamba ndio unaoleta ujumbe huo na ndio unaozifanya ripoti zijikokote. Meneja ameshamkubalia, na mimi nimeomba siku chache kwanza. Nimesoma faili ya `/sys/devices/system/edac/mc/mc0/sdram_scrub_rate` nikakuta 97650. Je, nizime? Na je, huenda ni joto la huku kwetu? Stima ikipotea, kipoza hewa cha chumba cha seva huzimika nacho.

Mstaafu_Menengai (Nakuru)

Usizime, ndugu yangu, angalau si kwa sababu hizo mbili ulizopewa.

Biti ndani ya RAM ni chaji ndogo ya umeme inayovuja na kujazwa upya kila baada ya milisekunde 64 au chini ya hapo. Chaji hiyo inaweza kupotoka kwa hitilafu ya chipu yenyewe, au kwa chembe zinazotokana na miale ya angani. Ndiyo maana RAM ya ECC huweka biti 8 za ukaguzi kando ya kila biti 64 za data. Biti moja ikipinduka, kidhibiti kumbukumbu huitambua na kuirekebisha. Mbili zikipinduka katika neno lile lile, yaani kipande kile kile cha biti 64, kwa mpangilio wa kawaida hutambua tu kwamba kuna uharibifu, na hapo mashine huweza kusimama.

Sasa fikiria rekodi ambayo imekaa ndani ya RAM wiki nzima bila programu yoyote kuisoma. Biti moja imepinduka Jumanne na hakuna aliyejua, kwa kuwa kosa huonekana pale tu neno linaposomwa. Kama kuna ya pili itakayopinduka Jumamosi katika neno hilo, umeshachelewa. Usafishaji wa doria upo kwa ajili hiyo: kidhibiti hupita neno kwa neno, hukagua, hurekebisha, huandika upya mahali pale pale, kisha hurudi mwanzo.

Kuhusu mwendo, namba uliyoisoma ni baiti kwa sekunde. Baiti 97,650 kwa sekunde, mbele ya mkondo mmoja wa DDR3-1600 unaobeba baiti bilioni 12.8 kwa sekunde, ni tone ziwani. Ripoti zako hazicheleweshwi na hilo.

Jambo moja linanitatiza. Gigabaiti 64 kwa mwendo huo zinahitaji siku nane na saa tatu na nusu hivi ili doria imalize mzunguko, ilhali ujumbe wako unakuja kila baada ya siku nne. Sijui niuelewe vipi.

Kijana_wa_Soko

Mimi ningezima nikalala. Kama makosa yanasahihishwa, kelele za nini?

Binti_Webuye (Bungoma)

Kijana, yanasahihishwa kwa sababu kuna anayeyatafuta. Ukizima doria, kosa la mahali pasiposomwa halitaandikwa popote, na logi safi itakuwa ni logi isiyojua kitu.

Mzee Menengai, hesabu yako ni sahihi, ila umehesabu kumbukumbu yote kana kwamba ina mlinzi mmoja. Nyingi za Opteron za enzi hiyo, hasa za mfululizo wa 6200 na 6300, zina sehemu mbili ndani ya prosesa moja, na kila sehemu ina kidhibiti chake. Mlinzi wa Kondele, angalia kama una `mc0` na `mc1`, majina ambayo Linux huvipa vidhibiti hivyo. Ukizikuta zote mbili, kila doria inapita gigabaiti 32 tu, na kwa baiti 97,650 kwa sekunde mzunguko mmoja huchukua siku nne, saa moja na dakika arobaini na nne.

Sasa rudi kwenye saa zako tatu. Kutoka Jumatatu saa nane na dakika kumi hadi Ijumaa ikikaribia saa kumi ni siku nne na saa moja na dakika arobaini na ushei. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni vivyo hivyo. Dakika chache za kupishana zisikushughulishe, kwa kuwa kerneli (kiini cha Linux) huangalia rejista za makosa kwa vipindi, kwa kawaida kila dakika tano, wala si papo hapo.

Kwa hiyo hicho si kitu kinachotokea ovyo. Doria inafika mahali pale pale kila mzunguko, inakuta biti ile ile imepotoka, inaiandika upya, inaondoka. Na ikirudi inaikuta imepotoka tena. Chembe ya angani haipigi mahali pamoja mara tatu kwa ratiba. Kijiti kimoja kina ugonjwa.

Unaweza kulithibitisha bila kufungua mashine. Ongeza mwendo: ujumbe ukianza kuja kwa ratiba mpya inayolingana na mzunguko mpya, shaka itaisha. Omba baiti 400,000 kwa sekunde. Dereva ya AMD, yaani programu ya Linux inayoongoza kidhibiti, ina orodha ya viwango vilivyowekwa na haichukui namba yoyote tu. Itashuka hadi kiwango kinachofuata chini, yaani 390,720, na mzunguko utakuwa saa ishirini na nne na dakika ishirini na sita.

`echo 400000 | sudo tee /sys/devices/system/edac/mc/mc1/sdram_scrub_rate`

Usijaribu kuweka `sudo` mbele ya `echo` na kuelekeza kwa alama ya `>`, kwa sababu anayefungua faili hapo ni sheli yako (programu inayopokea amri) isiyo na ruhusa. Baada ya kuandika, soma faili tena uone kiwango kilichokubaliwa. Fahamu pia kwamba mashine ikiwashwa upya mpangilio huo unapotea, hivyo ukiutaka wa kudumu uuweke katika huduma inayotekelezwa wakati wa kuwasha. Namba sifuri ndiyo inayozima, na ndiyo ambayo fundi wenu angeandika.

Mstaafu_Menengai (Nakuru)

Binti, umenifunza; nilisahau kabisa habari ya vidhibiti viwili.

Kuhusu joto: mwaka 2009 Bianca Schroeder, pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google, walichapisha uchunguzi wa seva za kampuni hiyo. Zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilipata kosa la kusahihishika ndani ya mwaka, na joto, katika viwango walivyoviona kazini, lilikuwa na athari ndogo kuliko wengi walivyodhani. Walielekea kuona pia kwamba makosa mengi yanatokana na hitilafu za kudumu, na kwamba kijiti kilichokosea mara moja kina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena mwezi huo huo. Kwa miale, ambayo huzidi kadiri unavyopanda juu, sisi wa Nakuru, tulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, tungetangulia kulia kabla ya ninyi wa ziwani, ingawa sote tunakingwa kwa kiasi na uga wa sumaku wa dunia, ambao karibu na Ikweta huzuia zaidi. Tengenezeni kipoza hewa kwa ajili ya diski, lakini msikilaumu kwa hili.

Mlinzi_wa_Kondele (Kisumu)

Nimerudi na majibu, na samahani kwa kukawia.

Vidhibiti ni viwili kweli, na makosa yote yamo katika `mc1`. Hesabu ya `ce_count` (makosa yaliyosahihishwa) ya `mc0` ni sifuri. Niliandika 400000, faili ikanisomea 390720. Alhamisi ujumbe ulikuja saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Ijumaa saa moja kasoro dakika kumi na tatu, na Jumamosi saa moja na dakika kumi na tano usiku. Nilikuwa nimeketi mbele ya skrini nikiwa na saa mkononi, na nakiri kwamba ulipotokea nilicheka peke yangu.

Jumapili tulizima mashine. Faili za `csrow` zilituonyesha safu yenye kosa, nami nikakibadilishana kijiti cha hapo na kimoja cha upande wa `mc0`. Jumatatu usiku kosa likaandikwa chini ya `mc0`. Limekifuata kijiti, hivyo nafasi ya bodi haina hatia.

Ripoti nazo zilikuwa zikigongana na kazi ya kutengeneza nakala rudufu za data kwenye diski ile ile, saa ile ile. Nimezitenganisha kwa saa mbili.

Swali la mwisho: wakati tunasubiri kijiti kingine kutoka Nairobi, niondoe hiki nibaki na gigabaiti 56, au nikiache?

Binti_Webuye (Bungoma)

Kiondoe leo. Seva yenye hesabu za akiba za watu inaweza kuishi kwa gigabaiti 56 kwa wiki moja. Kama utaratibu wa nafasi za bodi unataka vijiti viwili viwili, ondoa na mwenzake, ubaki na 48. Doria iache kwa mwendo huu huu wa siku moja.

Mlinzi_wa_Kondele (Kisumu)

Nimekiondoa, na kimewekwa kwenye bahasha yenye tarehe na nakala ya logi. Fundi anakuja Alhamisi, na meneja ameomba awepo.