Je, jaji aliyevua joho agombee uongozi wa siasa?

Hoja iliyo mbele yetu hapa Arusha, mji yalipo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ni kwamba jaji asiingie kamwe katika siasa, kwa kuwa hukumu zake zote za nyuma zitatiliwa shaka. Sikubaliani nayo.

Tumtazame John Peter Altgeld, mhamiaji aliyezaliwa mwaka 1847 katika Ujerumani ya leo, akapelekwa Marekani akiwa mchanga, akawa wakili, na mwaka 1886 akachaguliwa kuwa jaji huko Chicago. Mwaka huohuo bomu liliwalipukia polisi kwenye mkutano wa wafanyakazi wa Haymarket. Watu wanane walitiwa hatiani bila aliyelirusha kujulikana, na wanne wakanyongwa mwaka 1887. Altgeld alipokuwa gavana wa Illinois, mwaka 1893, aliwasamehe watatu waliokuwa bado gerezani, wala hakusingizia huruma: aliandika waziwazi kwamba wananchi walioketi kuamua kesi ile walipangwa kwa hila na kwamba jaji alikuwa na upendeleo. Magazeti yalimwandama, na mwaka 1896 akashindwa uchaguzi. Naamini ni mtu aliyewahi kukaa kitini mwa jaji ndiye angeweza kuusoma mwenendo wa kesi ile kwa jicho kali namna hiyo.

Hata hivyo, kwao jaji alipigiwa kura. Kwetu huteuliwa na Rais, na Ibara ya 113A ya Katiba inamkataza kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki ya kupiga kura anabaki nayo. Mwaka 2015 marehemu Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu ninayemheshimu sana, aliwania kuteuliwa na CCM kugombea urais akiwa bado Rais wa Mahakama hiyo ya Afrika. Ni kweli kwamba jaji wa Mahakama hiyo hasikilizi shauri linaloihusu nchi yake, lakini waliohoji walikuwa na haki ya kuhoji.

Kwa hiyo napendekeza sheria iweke angalau miaka 5 kati ya kuvua joho na kuchukua fomu. Anayepinga muda huo anieleze: mgombea aliyeshindwa kesi ya uchaguzi Mahakama Kuu, akimwona jaji wake mwaka unaofuata yuko jukwaani na chama kilichoshinda, ataiaminije hukumu ile?