Naomba ushauri: ndege akiruka, picha inakosa ukali

Wakuu, habari zenu. Napiga picha za ndege wa porini kwa lenzi ya milimita 400, uwazi wa f/5.6. Ndege akitulia tawini, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inanitosha. Akiruka ndipo shida: nikipandisha hadi 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inafika 6400 na manyoya yanajaa chengachenga, hasa alfajiri, saa ambayo ndege wamechangamka kweli. Nikishusha kasi, ncha za mabawa zinatoka ukungu.

Yangeyange, kwa weupe wake, ndiye ananiumiza zaidi. Nyuma yake pakiwa na kivuli, mgongo wote unaungua kwa mwanga na kubaki mweupe mtupu, hata unyoya mmoja hauonekani, na nilishapunguza mwanga theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu). Nipunguze hadi wapi? Na ISO mnaipanga wenyewe au mnaiachia kamera?