Tupeane uzoefu: mliobadili taaluma na kuingia katika sayansi na teknolojia mkiwa watu wazima

Mwanzisha mada, Tabora mjini

Ndugu zangu, naomba waliobadili kazi wakiwa tayari na familia na majukumu watueleze walivyofanya, na hasa ni kitu gani cha kazi ya zamani kiliwafaa katika kazi mpya, kwa sababu mahubiri ya kuthubutu tumeshayasikia ya kutosha.

Naanza mwenyewe. Nililelewa kikazi katika injini za dizeli za reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ujenzi wa reli ya kisasa ulipoelekea huku, wengi wetu tuliamini kwamba ujuzi wetu unakwenda kuzikwa pamoja na dizeli, maana treni mpya, kama zile zilizoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, hutumia umeme wa kilovolti 25 kutoka kwenye waya wa juu. Nilipoanza masomo ya umeme ya jioni ndipo nilipolitazama upya jambo nililolishika kwa mikono miaka yote: katika vichwa vingi vya dizeli vya safari ndefu, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja, bali huzungusha jenereta, na jenereta hiyo hupeleka umeme kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Nusu ya kazi yangu ilikuwa umeme tangu mwanzo.

Kilichonitoa jasho ni transfoma inayoupunguza umeme ule mkubwa na mitambo ya kielektroniki inayougeuza kabla haujafika kwenye mota. Mota za zamani zilikuwa na kaboni (vipande vinavyopitisha umeme hadi sehemu inayozunguka) ambazo fundi huziona zikilika na kuzibadilisha kwa mkono, ilhali mota mpya hazina kaboni na hitilafu zake husomwa kwenye kompyuta. Hesabu za umeme wa fezi tatu nilizisoma mezani na binti yangu wa kidato cha sita, yeye akinieleza vekta, nami nikimweleza mota.

Mchangiaji, Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Mimi nilirithi kwa baba ufundi wa karabai. Kwa msioishi kando ya ziwa, dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta juu ya wavu, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Taa za LED zilipoingia mialoni, wateja hawakunihama. Waliniletea taa zilizokufa kwa mazoea tu, kwa kuwa walinijua kama mtu wa taa. Kwa hiyo sikuchagua kubadilika, nilibadilishwa na wateja (na wengi wanaojisifu kwa maono yao nadhani walisukumwa hivyo hivyo).

Nilijifunza kutumia mita, nikabaini kwamba mara nyingi tatizo halikuwa taa. Wavuvi walitumia betri za magari, ambazo zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wakati wa kuwasha injini, wakazikausha kila usiku hadi taa ififie, na betri ya namna hiyo haidumu ikitumiwa hivyo. Betri ya volti 12 ikiwa imepumzika na mita ikasoma 12.2, imebaki takribani nusu, na hapo ndipo pa kuacha. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kazi ilikauka, nikautumia muda huo kusoma kozi fupi ya umeme wa jua.

Mchangiaji, Kasulu

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na sasa nachora ramani za matumizi ya ardhi ya vijiji. Programu ya kuchorea ramani, QGIS, hailipiwi, wala picha za satelaiti za Sentinel-2, ambazo zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10; kinacholipiwa ni bando. Lakini picha haijielezi. Mwezi wa Agosti, shamba lililochomwa na msitu uliopitiwa na moto hufanana, na anayezitenganisha ni mtu anayejua wenyeji wanatayarisha mashamba lini.

Watu wa mkoa wetu hupenda kumtaja Jane Goodall, aliyefika Gombe kuchunguza sokwe mwaka 1960 akiwa amesomea ukatibu muhtasi, bila shahada yoyote, akaja kupata uzamivu Cambridge. Ni kweli, ila husimuliwa nusu. Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, ndiye aliyemtafutia fedha na kumfungulia mlango wa Cambridge. Anayetaka kuifuata njia hiyo amtafute Leakey wake kwanza. Wangu alikuwa afisa ardhi mstaafu aliyeniruhusu kufuatana naye vijijini.

Mchangiaji, Urambo

Mimi bado sijafika popote. Nililipa ada ya kozi ya kuandika programu za kompyuta, mkufunzi akatoweka, nikarudi kwenye tumbaku. Swali langu ni hili: mwenye ujuzi asiye na cheti afanyeje?

Mwanzisha mada, Tabora mjini

Marahaba, fundi wa Ujiji. Kuhusu cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa yale anayoyaweza, hufundishwa anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Kwa ufundi wa taa na betri, huo ndio mlango wa kubisha.

Nawe wa Urambo, usiseme umerudi kwenye tumbaku kana kwamba ni mbali na teknolojia. Anayekesha akilinda joto la bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, lipande kwa hatua, jani likauke bila kuungua, anajua tayari kile ambacho vifaa vya kupima joto na unyevu vinatakiwa kukifanya, na mwandika programu wa mjini hakijui. Je, kuna yeyote hapa aliyewahi kufunga kipimajoto cha kielektroniki ndani ya bani, na kilistahimili joto na unyevu?