Potifolio ya BTP inakataa kupokea picha za zana, naombeni msaada

MwalimuMtarajiwa
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa pili chuo cha ualimu. BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, imeisha, sasa tunatakiwa kupandisha potifolio kwenye mfumo wa chuo kabla ya Ijumaa saa 6 usiku. Azimio la kazi na maandalio ya somo yameingia vizuri, ni PDF. Kinachonishinda ni picha za zana za kufundishia. Nikibonyeza kuwasilisha, mstari unajaa hadi 100%, halafu fomu inarudi tupu, hata jina la shule niliyofundisha limefutika. Ujumbe wa kosa hakuna. Nimebadilisha laini na kivinjari, wapi! Picha alinipigia mwenzangu kwa iPhone. Kuna na video ya somo ya dakika 15, hiyo hata sijaigusa. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Bando
Jaribu usiku wa manane mkuu, saa hizi mtandao umeelemewa.

FundiSeva
Usiku hautasaidia. Ingekuwa mtandao, mstari ungekwama njiani. Wako unafika 100%, maana yake mzigo umefika na seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, ndiyo imeutupa. Mifumo mingi ya vyuo imeandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, na PHP ikiachwa ilivyo hupokea faili lisilozidi MB 2, na fomu nzima isizidi MB 8. Ukivuka hiyo ya pili inatupa kila kitu ulichojaza bila kusema neno. Picha zako zina ukubwa gani, na unaweka ngapi kwa mpigo?

MwalimuMtarajiwa
Nne kwa mpigo. Chati ya irabu ni MB 3.1, nyingine zinakaribiana. Mwishoni zimeandikwa .HEIC.

MamaWawili
Basi una mambo mawili, mdogo wangu. Ukubwa umeshaambiwa. HEIC ndiyo namna iPhone inavyohifadhi picha tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na mifumo mingi haiitambui. Usidanganywe kwamba ukibadilisha jina ukaweka .jpg umemaliza, ndani inabaki HEIC ileile. Mwambie mwenzio akutumie WhatsApp kama picha ya kawaida, sio kama dokumenti. Itakufikia ikiwa JPG, tena imepungua sana. Ila ivute karibu uone kama maandishi madogo ya chati bado yanasomeka. Yakififia, akate pembeni kwanza ndipo atume. Mkufunzi hana shida na dawati wala ndoo ya chaki.

Kariakoo_Boy
Peleka steshenari, wanakupunguzia zote fasta.

FundiSeva
Sawa, lakini nywila yako usiiandike kwenye kompyuta yao. Wakupunguzie tu, upandishe mwenyewe kwa simu.

MwalimuMtarajiwa
Aisee, mbarikiwe! Nimeweka moja moja, tatu zimeingia. Ya nne inaniambia jina la faili si sahihi. Inaitwa "chati ya ng'.jpg", ni ya kufundishia sauti.

FundiSeva
Hahaha, ritifaa hiyo, kile kialama cha juu baada ya ng! Mfumo ulioandikwa kwa haraka haraka unaiogopa sana. Ita chati_4.jpg, yaani herufi, namba na kistari cha chini tu. Maelezo ya sauti yaandike kwenye sehemu ya maelezo.

MwalimuMtarajiwa
Imekubali. Bado video.

MamaWawili
Hiyo usijaribu kuipandisha pale. iPhone kwa kiwango cha 1080p inakula kama MB 60 kwa dakika, piga hesabu. Muulize mkufunzi kama wanapokea kiungo. Wakikubali, iweke Google Drive na uruhusu mwenye kiungo aione, kisha ifungue kwa simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Wengi wanapoteza alama hapo, mkufunzi anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Na kwa kuwa sura za watoto zinaonekana, ongea na mwalimu mkuu kwanza. YouTube achana nayo.

FundiSeva
Nyongeza. Ukishawasilisha, toka kwenye mfumo, ingia upya, fungua faili moja moja. Yakifunguka yote, piga picha ya skrini yenye tarehe na saa, uitunze mpaka matokeo yatoke.