Kulala ndani ya gari safari ya Dar – Mwanza, mnapakigi wapi?

msukuma_wa_buza
Wakuu habari za leo. Mwezi wa 12 napanda Mwanza na wife na watoto wawili, tunatumia Noah. Dereva ni mimi peke yangu, na zile kilomita 1,100 na kitu ukichanganya na vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki siwezi kuzimaliza siku moja, sitaki kujidanganya. Gesti msimu wa sikukuu mnazijua wenyewe, unafika saa nne usiku unaambiwa pamejaa, kwa hiyo nimewaza tulaze siti za nyuma tutandike godoro tulale humo humo mpaka kuche. Wazoefu mnapaki wapi? Na AC je, inaweza kuwaka usiku kucha? Maana hawa wanangu joto hawaliwezi kabisa.

tandiboi_mstaafu
Lala wanapolala malori mkuu, basi. Pembeni ya barabara porini usithubutu hata kama macho yanafumba yenyewe, anayekuja nyuma yako na yeye anasinzia vilevile. Ukitoka Dar saa kumi na moja alfajiri jioni uko Singida, ukiwa bado una nguvu unasogea mpaka Misigiri, pale malori yanalala kibao kabla ya kushuka mlima Sekenke. Sekenke na usingizi usijaribu. Na giza likikukutia Manyoni lala hapo hapo Manyoni, kile kipande cha kwenda Singida kimenyooka mno mtu unasinzia huku umekodoa macho.

Ukiingia sheli usipaki kimya kimya kama mwizi, mfuate mlinzi msalimie mwambie mzee nina familia naomba nipumzike mpaka asubuhi, mshikishe buku mbili au buku tano, atakuonyesha mwenyewe penye taa. Ila usijichomeke katikati ya semi, wale saa tisa usiku wanaamka wanawasha moto wanarudi nyuma na kigari chako hakionekani kule chini. Pua iangalie barabara, funguo uwe unajua iko wapi hata gizani.

mama_wawili
Kaka hiyo ya AC futa kabisa!! Ukiacha injini inaunguruma mmelala, moshi wa ekzosi unaweza kuingia ndani, humo kuna ile hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, mtu anaumwa kichwa usingizini anaona uchovu wa safari tu, haamki. Hizi Noah zetu ekzosi zimechomelewa mara ngapi jamani. Zima gari.

Sisi tulikata chandarua cha zamani, unakitandaza juu ya mlango wa nyuma kabla hujaufunga, ukifunga mlango unakibana wenyewe, halafu unashusha kioo kidogo, hewa inapita mbu anabaki nje. Kule Igunga na Nzega mvua zikianza mbu wake si wa mchezo. Vioo vya mbele kanga zinatosha, watu wasichungulie. Na beba kindoo chenye mfuniko, mtoto akibanwa saa nane usiku utamshusha umpeleke wapi?

kaka_mtata
Yaani watu wazima mnamshauri mwenzenu akalaze watoto sheli kisa hela ya gesti? Mpigie simu mtu wa Singida akushikie chumba mapema, uoge, ulale kitandani kama binadamu. Gari ni la kulala dereva wa lori, ndo kazi yake.

tandiboi_mstaafu
@kaka_mtata hujakosea, ila ahakikishe gesti ina geti na mlinzi. Ukilala chumbani gari ikabaki nje barabarani, asubuhi unakuta saiti mira hazipo na swichi za vioo zimeng'olewa, bora ungelala nayo.

mama_wawili
Chumba apate, asipate, chandarua abebe tu. Hata hizo gesti zenyewe neti zake zina matundu ya kupita kunguru 😂

msukuma_wa_buza
Aisee nimewaelewa. AC nimefuta, chandarua wife ameshaanza kukitafuta store. Nitajaribu kushika chumba Singida, kikikosekana tunasogea na malori. Hivi hao walinzi wa sheli unaweza kuwatumia M-Pesa?

tandiboi_mstaafu
Keshi mzee. Tena iwe chenji, ukimtolea elfu kumi hairudi.